Duru ya kwanza ya msimu: ushauri kwa familia inayoendesha timu yake ya mbio za magari

Msimu wa mbio za magari unapokaribia, familia zinazoingia mchezoni kwa mara ya kwanza huniuliza zaidi kuhusu gari: wanunue tairi za aina gani, liinuliwe kiasi gani kutoka ardhini, injini iongezwe nguvu au iachwe kama ilivyotoka kiwandani. Hayo ni maswali ya haki. Hata hivyo, baada ya misimu tisa ya kusimamia timu ya nyumbani kwetu, nimeamini kwamba wikendi ya kwanza huharibiwa mara nyingi zaidi na jambo ambalo mmoja wa familia aliliona mapema akaona haya kulisema. Nitaeleza jinsi jambo hilo lilivyotufika sisi, lakini itanibidi kupitia kwanza maandalizi ya wiki zinazotangulia, kwa sababu makosa ya Jumamosi huwa yamekwisha kupandwa siku nyingi kabla ya gari kupanda trela.

Sisi ni timu ya watu saba kutoka Nakuru. Baba ni fundi wa magari kwa zaidi ya miaka 40, na gereji yake ndiyo makao ya timu. Kaka yangu ndiye dereva, na mwelekezi wake, yaani anayekaa kando yake na kumsomea njia, ni binamu yetu, mtoto wa shangazi. Mama hutunza saa na kuhakikisha watu wamekula. Mjomba huendesha pikapu inayovuta trela. Mpwa wangu, ambaye wakati wa kisa nitakachosimulia alikuwa na umri wa miaka 19, humsaidia Baba katika ufundi, na mimi hushughulikia usajili, leseni, fedha na ratiba. Gari letu ni Subaru Impreza GC8 ya mwaka 1997, tuliyoinunua ikiwa imeshakimbizwa na watu wengine misimu kadhaa.

Wanaoanza na gari la namna hiyo wasijione wanyonge. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika mashindanoni kabla ya kufika mikononi mwao, na Joginder, ambaye mwenyewe alikuwa fundi, akaja kushinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Baba alikua akisimuliwa habari za ndugu hao, na nadhani ndiyo sababu hajawahi kuamini kwamba familia isiyo na mfadhili haina nafasi. Ninaitaja simulizi hiyo kwa sababu nyingine pia: dereva aliyekuwa fundi na mwelekezi aliyekuwa ndugu yake walilazimika kuambiana ukweli ndani ya gari kwa maelfu ya kilomita, na hilo ni gumu kuliko wengi wanavyodhani.

Anza na tarehe zilizoandikwa kwenye vifaa vya usalama, na ufanye hivyo angalau wiki sita kabla ya duru ya kwanza. Mtungi wa kuzimia moto unapaswa kuwa umekaguliwa ndani ya miaka miwili iliyopita. Kiti cha mashindano chenye kibandiko cha kiwango 8855-1999 cha FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, kina maisha ya miaka mitano, hata kama kitambaa chake bado kinang'aa. Mikanda nayo ina tarehe yake ya mwisho, imeshonwa kwenye kibandiko kidogo ambacho mara nyingi hugeukia ndani kisionekane. Helmeti, kifaa cha kukinga shingo, mavazi yanayostahimili moto na hata nguo za ndani, vyote vina alama za viwango ambazo wakaguzi huzisoma moja baada ya nyingine. Katika msimu wetu wa pili tulifika kwenye ukaguzi wa magari Ijumaa alasiri na mtungi uliokuwa umepitwa kwa wiki tatu. Mjomba akalazimika kuzunguka mjini akitafuta mtu wa kuukagua huku maduka yakikaribia kufungwa, na kaka yangu, aliyepaswa kulala mapema, akakaa macho hadi usiku wa manane akisubiri kujua kama ataruhusiwa kuanza. Mtungi wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Kilichokuwa kibovu ni daftari langu, kwa sababu nilikuwa nimeandika tarehe ya kununua badala ya tarehe ya kukaguliwa.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa kila nyumba inajua uzito wa mfuko wake. Tenga kwanza gharama ya kurudi nyumbani, maana yake mafuta ya pikapu, chakula cha siku ya mwisho na akiba ya kuvutwa kwa gari, kisha usiguse fungu hilo hata mtu akikushawishi ununue tairi mbili zaidi. Piga hesabu ya mafuta ya gari la mashindano kwa kutumia kumbukumbu zako mwenyewe. Letu hutumia takribani lita moja kwa kila kilomita mbili ndani ya mikondo ya ushindani, yaani vipande vya njia ambamo magari hushindana kwa muda, na chini ya nusu ya hiyo kwenye barabara za kuunganisha mikondo hiyo, na hesabu hiyo haikupatikana ila kwa kuandika kila mara tulipojaza.

Ukaguzi wa njia unastahili subira zaidi ya unavyopewa na timu changa. Mashamba yanayozunguka Naivasha yana udongo wa majivu ya volkano, laini kama unga, ambao waendeshaji huuita feshfesh, na chini ya unga huo kuna mawe makali yasiyoonekana. Dereva na mwelekezi wanapopita Ijumaa kwa mwendo wa polepole huiona njia ikiwa bado nzima, na huandika noti za njia ile, yaani maelezo ya kila kona na hatari ambayo mwelekezi atamsomea dereva siku ya mashindano. Timu ndogo, hata hivyo, huanza nyuma. Kufikia wakati wenu, magari 20 au 30 yenye nguvu za magurudumu manne yamekwisha kuchimba kila kona, mifereji miwili imejitokeza, na mawe yaliyokuwa yamezikwa yamekaa juu. Kwa hiyo tunaandika noti za aina mbili katika daftari moja: kalamu nyeusi kwa njia inavyoonekana, na kalamu nyekundu kwa mahali ambapo tunaamini patachimbika, hasa upande wa ndani wa kona zenye udongo laini, kwenye miinuko ambapo magari husukuma kwa nguvu, na kwenye vivuko vya mito mikavu. Mwelekezi wetu huisoma alama nyekundu kama onyo hata kama Ijumaa hapakuwa na kitu. Siku ambazo hakuna upepo, vumbi la gari lililotangulia hubaki hewani muda mrefu kuliko dakika mbili zinazotenganisha magari, na hapo noti hugeuka kuwa macho ya dereva. Ninawasihi madereva wachanga wasione aibu kupunguza mwendo katika vumbi la namna hiyo, kwa maana duru ya kwanza ina kazi ya kukuonyesha gari na watu wako wamekaaje baada ya miezi kadhaa ya kupumzika, na gari lililokwama katika mkondo wa pili halikuonyeshi chochote.

Kuna hesabu moja ya muda ambayo kila mwanafamilia anapaswa kuijua, hata anayepika. Kwa kanuni za FIA, ukichelewa kwa dakika moja kufika kituo cha muda, mahali ambapo saa yako ya kufika huandikwa kwenye kadi, unaongezewa sekunde 10, lakini ukiwahi kwa dakika moja unaongezewa dakika nzima. Mafundi wenye bidii humaliza kazi mapema na kumhimiza dereva aondoke, wakidhani wanamsaidia. Kwetu, gari halitoki kwenye uwanja wa huduma, mahali mafundi wanaporuhusiwa kulitengeneza kati ya mikondo, mpaka Mama aseme, na Mama hasemi mpaka yeye na mwelekezi wawe wamesoma kadi ya muda pamoja. Vivyo hivyo katika kujaza mafuta: injini imezimwa, hakuna spana inayozunguka, mtu mmoja amesimama na mtungi wa moto mkononi, na watoto wa jamaa waliokuja kutazama wako mbali. Nimewahi kumwondoa shangazi yangu mwenyewe kando ya gari wakati wa kujaza mafuta, na alinuna siku mbili, lakini ningemwondoa tena.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Kilitokea katika duru ya kwanza ya msimu wetu wa sita. Wakati wa mapumziko Baba alikuwa ameyachukua magurudumu yetu yote, akayasugua mpaka chuma kikaonekana, akayapaka rangi nyeupe. Hakuambiwa na mtu. Alifanya kazi hiyo jioni baada ya kufunga gereji, tabaka juu ya tabaka, na siku alipotuonyesha tulisimama tukiyatazama kama watoto. Gari letu halijawahi kupendeza namna ile.

Ijumaa, kwenye foleni ya ukaguzi, niliinama kuokota karatasi na nikaona chembe za rangi nyeupe zimedondoka chini ya nati za gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Rangi ilikuwa imeingia hadi ndani ya matundu ya nati, mahali ambapo nati hukaa. Mimi si fundi, lakini nimekaa gerejini tangu utotoni, na nilijua kwamba mahali pale panatakiwa pawe chuma kitupu. Nikamtazama Baba. Alikuwa akizungumza na fundi wa timu nyingine, akiyaonyesha magurudumu yale kwa mkono, uso umejaa furaha. Nikajiambia kwamba mtu mwenye miaka 40 katika kazi hii hawezi kukosa kujua ninachokijua mimi. Nikanyamaza.

Kwa wasiofahamu, niieleze hatari yenyewe. Nati inapokazwa huivuta boliti ya gurudumu kama kamba iliyotegwa, na mvuto huo ndio unaoibana rimu dhidi ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Kama kati ya nati na rimu kuna tabaka la rangi, joto la breki na mtikisiko wa njia mbovu huisaga rangi hiyo taratibu. Unene unaopotea ni mdogo mno kuonekana kwa jicho, lakini unatosha kuulegeza mvuto, na nati iliyolegea kidogo huanza kujifungua yenyewe. Boliti zikianza kubeba uzito kwa kukatwa ubavuni badala ya kuvutwa, hazidumu. Dawa yake ni rahisi: matundu ya nati yafunikwe kabla ya kupaka rangi au yasafishwe baadaye mpaka chuma kionekane, nati zikazwe kwa zamu za mkato, si kwa kufuatana, kwa spana yenye kipimo cha mkazo na kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha zikazwe tena baada ya mwendo mfupi wa kwanza.

Jumamosi, mkondo wa kwanza na wa pili vilikwenda vizuri. Katika huduma ya dakika 30 mpwa wangu alipewa kazi ya kupitisha spana kwenye magurudumu yote, na alipofika kwenye lile la nyuma kushoto, nati tatu zilizunguka karibu robo mzunguko kabla ya kushika. Akazikaza. Hakumwambia mtu. Katika mkondo wa tatu, zikiwa zimebaki kilomita mbili hivi, gurudumu lile liliondoka kwenye kona ya kulia, likaruka uzio wa shamba, na gari likaburura habu mita zipatazo 80 hadi likasimama. Kaka na binamu walitoka wakiwa wazima. Waliweka pembetatu nyekundu zaidi ya mita 50 nyuma ya gari kama kanuni inavyotaka, wakainua bango la OK, la kuonyesha kwamba hakuna aliyeumia, kwa kila gari lililopita, na kwa muda wa saa moja na nusu sisi tuliokuwa kwenye uwanja wa huduma tulijua tu kwamba namba yetu haijatokea mwisho wa mkondo. Mama hakuketi hata mara moja.

Usiku ule, chini ya taa ya jenereta, Baba alilishika gurudumu lililookotwa shambani na kulitazama bila kusema. Kisha mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini, "Babu, zilizunguka mchana. Nilidhani unajua." Nikaona kwamba sina haki ya kumwacha mtoto abebe peke yake, nikasema kuwa mimi niliiona rangi tangu Ijumaa. Baba hakukasirika. Alituuliza swali moja tu, kwa nini hatukumwambia, na sote wawili tulikuwa na jibu lilelile: kwa sababu ni yeye aliyeifanya kazi hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka familia nyingine zitulie na kufikiri. Katika timu ya kuajiriwa, fundi mdogo anayemwambia mkuu wake kwamba nati imelegea anatimiza kazi anayolipwa kuifanya. Nyumbani kwetu, kijana anayekagua kazi ya babu yake huonekana kana kwamba anamvunjia heshima, na binti anayemuuliza baba yake mbele ya watu kuhusu rangi huonekana hana adabu. Tumelelewa hivyo, na malezi hayo ni mema. Siombi mtu ayatupe. Lakini gari halijui nani ni mkubwa kwa nani. Kwa hiyo ni lazima familia ikubaliane mapema, ikiwa nyumbani na wote wametulia, kwamba ndani ya uwanja wa huduma kukaguana ni sehemu ya heshima yenyewe, na mkubwa ndiye anayepaswa kutangulia kulisema, kwa sababu mdogo hawezi kujipa ruhusa hiyo.

Sisi tulifanya mambo mawili. La kwanza, daftari la huduma sasa lina safu mbili za sahihi: ya aliyefanya kazi na ya aliyeikagua, na haziruhusiwi kuwa za mtu mmoja. Baba anapokaza, mpwa wangu anakagua. Mpwa wangu anapokaza, Baba anakagua. Baba mwenyewe ndiye aliyeomba kazi zake ziwe za kwanza kukaguliwa. La pili, tulichagua neno moja, "Simama", ambalo yeyote kati yetu saba anaweza kulitamka, na likitamkwa kila mkono unaachia spana mpaka aliyelisema aeleze alichokiona. Tuliogopa kwamba litatupotezea dakika. Limewahi kutupotezea dakika nne katika huduma moja, yaani sekunde 40 za adhabu, kwa jambo lililogeuka kuwa si kitu, na katika kikao chetu cha usiku Baba alimshukuru aliyelisema mbele ya wote. Bila shukrani hiyo, nina hakika lisingesemwa tena.

Ningeongeza kwamba kikao hicho cha usiku kisiwe kirefu na kisifanyike kabla ya watu kula. Kwetu kila mtu hueleza jambo moja aliloliona likienda kombo na jambo moja aliloliona likienda sawa, kuanzia mdogo hadi mkubwa, kwa sababu mkubwa akianza, wadogo humfuata tu. Dereva husema mwisho kabisa na kisha huenda kulala. Hakuna anayeruhusiwa kumwamsha kwa habari za fedha.

Jumapili ya kisa kile tulirudi njiani. Kanuni za nyongeza za mashindano zilituruhusu kuanza tena siku ya pili kwa adhabu ya muda, na familia nyingine iliyokuwa imepiga kambi jirani nasi, ambayo pia inashindana kwa Subaru, ilitupatia habu na boliti tano bila kuuliza tutalipa lini. Baba na mpwa wangu waliyasugua matundu ya nati ya magurudumu yote hadi saa nane usiku. Kaka aliendesha kwa uangalifu mikondo yote iliyobaki, nasi tukafika mwisho tukiwa karibu na mkia wa orodha, gari likiwa na magurudumu manne yenye rangi iliyokwanguliwa. Habu tuliirejesha baada ya wiki mbili, pamoja na galoni ya oili.

Msimu uliofuata, katika huduma ya kwanza ya duru ya kwanza, nilikuwa nimesimama na saa pamoja na Mama, zimebaki dakika sita, gari limeshashushwa kutoka kwenye jeki na Baba ameanza kukusanya vifaa. Mpwa wangu alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu la mbele kulia, spana mkononi. "Simama," akasema, kisha akageuza uso. "Babu, hii moja sijaridhika nayo." Baba akaliweka chini sanduku la spana, akamwendea, akapiga goti kando yake.